Kiuno cha Mama kwa Inchi

Naogopa sentimita. Najua ukisema jambo kama hilo mbele ya watu wazima watakucheka, na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, amenicheka miaka yote ya ndoa yetu. Lakini mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi, na futi ninayoivaa shingoni kutwa, huo utepe wa kupimia watu, ina pande mbili. Upande mmoja una inchi na wa pili una sentimita. Wa pili siutumii. Kazi nilifundishwa na mama mdogo, naye alikuwa hautumii, na sababu aliyonipa ni kwamba inchi inamstahi mtu. Mteja akiongezeka au akipungua kidogo, inchi inanyamaza. Sentimita ni mmbea, haioni kitu kidogo ikakaa kimya.

Na huku kwetu siko peke yangu. Chumba kinajengwa futi kumi kwa kumi, kwa tofali za inchi sita. Mbao ni mbili kwa nne na hakuna anayeuliza mbili za nini. Kisima kinachimbwa kwa futi, shamba linalimwa kwa ekari, na televisheni inasifiwa kwa inchi zake hata na mtu ambaye nyumbani hana umeme. Wanapokuja wataalamu wa ardhi na mashine zao wakatutajia hekta na mita za mraba, tunaitikia kwa adabu zote, kisha wakishaondoka tunaulizana, sasa hizo ni ekari ngapi? Mume wangu mwenyewe Jumatatu mpaka Ijumaa anawakaririsha watoto wa watu mita na sentimita, na Jumamosi anakwenda dukani anaomba misumari ya inchi nne. Nikimkamata anasema hiyo ni lugha ya dukani. Namjibu kwamba na mimi nipo dukani.

Kwa hiyo nilikuwa naiona inchi kama ndugu yangu mpole. Sikuwahi kufikiri kwamba upole nao unaweza kumponza mtu.

Mama yangu anaishi Shishiyu, wilaya ya Maswa, ndiko tulikozaliwa sote. Baba alishatutoka. Mama analima pamba na mahindi, ana ng'ombe wachache, na kwa umbo alikuwa mwanamke mrefu, mpana, wa kujaza mlango. Wateja wengine vipimo vyao naviandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa ili nisisahau. Vya mama vilikuwa kichwani mwangu tangu nianze kazi: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane, hipsi arobaini na sita. Havikuwa vinabadilika. Kila alipokuja mjini na kitambaa chake nilimzungushia futi kwa heshima tu, kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake ingawa wameonana asubuhi.

Krismasi iliyopita alikuja kama kawaida, kitenge kikiwa ndani ya mfuko. Nikamzungushia futi kiunoni, nikasoma thelathini na sita. Nikajua nimekosea, maana alikuwa ananisimulia habari za jirani aliyeuza ndama mgonjwa kama mzima, na mama akisimulia hatulii mwili. Nikavuta tena. Thelathini na sita. Nikamwomba ageuke, nikapima mgongo ambao sikuuhitaji, halafu nikarudi kiunoni kana kwamba nimesahau. Namba ilikuwa ileile.

Sikusema kitu. Inabidi nieleze adabu ya kazi yetu, maana asiyeijua atanishangaa. Huku kwetu ukimwambia mtu "umenenepa" umempa zawadi, atafika kwake anatabasamu. Ukimwambia "umekonda" umemtangazia ugonjwa, tena ule ambao watu hawautaji, na kabla ya jioni mtaa mzima utajua fundi gani kasema nini. Kwa hiyo fundi akimkuta mteja wake kapungua, anafumba mdomo na kufumbua mkono. Anaongeza marinda kiunoni, anainua bega kidogo, anakiacha kitambaa kipumue. Mteja anatoka pale na mwili wake wa mwaka jana. Mimi kazi hiyo ninaiweza sana na watu wananijia kwa ajili yake.

Kabla sijapata neno la kuanzia, mama alinitangulia.

"Safari hii weka marinda," alisema. "Weka mengi. Na uniachie nafasi, mimi mtu wa ugali."

Mama hakuwahi kutaka marinda. Siku zote alisema ni mapambo ya wasichana na ni kula kitambaa bure. Nilimtania kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

"Mayu, mama yangu, unataka kuolewa tena?"

"Nani ataniweza?" alisema, akacheka, na kile kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. Akajipigapiga kifuani. "Vumbi la pamba hili."

Ilikuwa Desemba. Desemba hakuna pamba ya kuchuma, ndiyo kwanza tunapanda. Nilikulia kwenye pamba, nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya kwetu, na bado nililipokea vumbi lake nikalishukuru. Gauni nililishona kwa marinda pande zote, akalivaa kanisani, na watu wakamwambia amependeza.

Alirudi katikati ya mwaka, baada ya pamba kuuzwa, akiwa na kitambaa cha sare ya akina mama wa kanisani. Safari hii sikumngoja aanze habari za majirani. Nilimpima huku nimezuia pumzi, na futi ikasimama kwenye thelathini na tatu na nusu. Nikajifanya nimeangusha chaki, nikainama chini ya meza kuitafuta, nikakaa kule chini kupita muda wa kutafuta chaki.

Jioni wakati wa kula nilimwambia mume wangu. Nilihitaji mtu wa kunisaidia kuogopa. Yeye, mwalimu, akaweka tonge chini akatazama juu, midomo ikawa inachezacheza.

"Zimetoka inchi nne na nusu," alisema. "Hiyo ni sentimita kumi na moja, na zaidi kidogo."

"Nani kakuuliza?"

"Nakuelewesha tu ukubwa wake."

"Sentimita zako wapelekee wanafunzi wako. Hapa unakula."

Akarudi kwenye tonge lake, maana ananijua. Lakini ile kumi na moja ilishaingia ndani ya nyumba. Nne na nusu nilikuwa naweza kuibeba. Ningeweza kusema ni kufunga kwa Kwaresima, ni jua, ni kazi za mavuno, ni uzee. Kumi na moja nilishindwa kuitafutia kisingizio. Nilipanda nayo kitandani nikaamka nayo.

Asubuhi yake nikaanza kuishuku futi. Futi hizi za plastiki huvutika, hasa kwa fundi anayeshinda nayo shingoni kwenye joto na kuivuta kutwa. Ikivutika, inchi zake zinakuwa ndefu, na mtu mnene atasomeka mwembamba. Kila fundi anajua. Nilifunga mlango nikaenda sokoni kununua mpya, nikazilaza zote mbili mezani, nikazilinganisha mwanzo na kuzinyoosha kwa pasi baridi. Ile ya zamani ilipitiliza mwishoni kwa nusu inchi nzima. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mwenye duka la jirani akachungulia kuuliza kama kuna harusi.

Asubuhi yote nilishona nikiimba. Mama yangu alikuwa mzima, futi ndiyo ilikuwa mgonjwa. Nilijicheka kwa woga wangu, nikamtumia mume wangu ujumbe kumwambia hesabu zake za darasani zimekwama kwenye plastiki. Mchana, nikiwa napiga pasi kola ya shati, akili ikanirudi. Nusu inchi ilikuwa imejikusanya kwenye futi nzima, inchi sitini. Kiuno cha mama kilikuwa kinagusa kama nusu yake tu. Pale kwenye kiuno chake futi ilikuwa imedanganya kwa upana wa kucha. Na isitoshe, wateja wangu wengine wote niliowapima kwa futi hiyohiyo walikuwa kama walivyokuwa. Niliikunja ile mpya nikaitia kwenye pochi, na kola ikawa imeungua.

Nilipomaliza sare nikaamua kuipeleka mwenyewe. Kwa kawaida ningeituma kwa mtu. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa napanga maneno, na bodaboda iliyonimalizia kutoka barabarani ilinitikisa yote yakanitoka. Nyumbani sikumkuta mtu. Michembe ya viazi vitamu ilikuwa imeanikwa juani bila mlinzi, kuku wakizunguka. Nikasikia sauti upande wa shambani, nikaenda.

Alikuwa anampimia jirani yetu ekari ya kukodi kwa ajili ya msimu wa pamba unaokuja. Huku kwetu ekari ni hatua sabini kwa sabini, hatua za mtu mzima, na pale kijijini miguu ya mama ndiyo iliyokuwa kipimo cha watu wengi. Hatua yake ilikuwa ndefu kuliko ya wanaume wengi, kwa hiyo aliyepimiwa na mama hakunung'unika. Kwenye shamba letu mtu hakuhitaji hata kuhesabu. Ukitoka kwenye kona ya ua wa minyaa, hatua ya sabini ya mama inatua ubavuni mwa kichuguu kikubwa. Ilikuwa hivyo tangu niko mtoto.

Nilisimama kwenye minyaa. Sikumwita, maana anayehesabu haitwi. Alikuwa amenigeuzia mgongo, kanga imefungwa imara kiunoni, anahesabu kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, na jirani anamfuata na jembe la kuwekea alama. Mgongo ule sikuufahamu. Nilijua ni wa mama kwa sababu ya kanga.

Akasimama, akachimbia kisigino ardhini.

"Hapa," alisema.

Kichuguu kilikuwa mbele yake, mbali. Mtu angeweza kujenga nyumba ya vyumba viwili katikati yake na kichuguu. Jirani, ambaye ni mzee mwenye adabu zake, alikitazama kichuguu, akamtazama mama, halafu akatazama jembe lake.

"Mayu, labda hesabu imekupita mahali."

"Haikunipita," mama alisema. "Ngoja nirudie."

Akarudi kwenye kona. Hapo ndipo aliponiona, lakini hakusimama, alinipungia mkono tu akaanza upya. Safari hii alikuwa anazirefusha zile hatua kwa nguvu, anatupa mguu kama mtu anayevuka mfereji. Hakufika hata nusu. Alisimama, akaweka mikono kwenye magoti, akakohoa mpaka kanga ikamlegea. Nimewahi kuogopa mambo mengi maishani, nimeogopa uchungu wa kuzaa, nimeogopa radi ikipiga karibu na zizi, lakini woga wa pale shambani ulikuwa wa aina nyingine. Nilimwona mama yangu anahitaji mkono wangu na sikuweza kutoka kwenye minyaa.

Jirani ndiye aliyemfikia kwanza. "Mwaka jana ilifika kwenye kichuguu," alimwambia taratibu. "Na mwaka huu itafika hapohapo. Mayu akapumzike." Kisha akaja kunisalimu, na alipokuwa ananishika mkono akaubana kidogo kuliko salamu inavyotaka, akaenda zake.

Tulirudi nyumbani polepole. Aliketi kwenye kigoda karibu na michembe, nami nikamsalimia sasa kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Umekuja kunipima."

"Nimekuja kuleta sare."

"Sare ikishashonwa haipimwi." Akasimama, akanyoosha mikono pembeni kama anavyofanya dukani kwangu. "Haya."

Nilitoa ile futi mpya. Ilikuwa bado inanuka plastiki. Nilimzungushia juu ya nguo, na mikono yangu ilikutana upesi kuliko ilivyozoea. Thelathini na mbili.

"Ngapi?" aliuliza.

Katika miaka yote niliyompima mama, hakuwahi kuuliza. Namba zilikuwa mali ya fundi. Nilifumbua mdomo kutaja thelathini na sita, uongo ukanikwama, na ukweli nao ukakataa kutoka.

"Sijui, mayu," nilisema, futi ikiwa mkononi mwangu.

Alinitazama bila hasira. "Basi ngoja mimi nikwambie ya kwangu," alisema, akaketi tena. "Siku ya kuuza pamba, wanawake tukapimana kwenye mzani wa pamba, mchezo tu. Mwaka juzi tulicheza hivyohivyo. Nilikuwa kilo themanini na moja, wakanitania nimetiwa maji na mchanga kama pamba ya walaghai, nipate uzito. Mwaka huu nikapanda, sitini na nne. Hakuna aliyetania."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe?"

Kuku alikuja kudonoa michembe na hakuna aliyemfukuza. Mama alisema alikuwa anaogopa kwamba nikijua nitampeleka hospitali, na hospitali watautaja ugonjwa kwa jina, na ukishatajwa atakuwa nao. Alilisema hivyo, kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni. Na mimi ndipo nilipoelewa kwamba tangu Desemba tulikuwa wawili katika woga uleule, yeye na kilo zake, mimi na inchi zangu, kila mmoja akimficha mwenzake. Nililia. Yeye hakulia. Aliinuka akaanza kutafuta viatu vyake vya safari.

Kesho yake tulikuwa kwenye foleni ya hospitali hapa mjini. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, na alimwita mama "bibi" kwa heshima. Aliuliza amepungua kiasi gani na tangu lini. Mama akajibu kwa kilo, mimi kwa wakati mmoja nikajibu kwa inchi, sauti zetu zikagongana. Daktari alicheka kidogo, akasema kilo anaandika, na hizo inchi je, ningeweza kumpa kwa sentimita? Nikasema sizijui. Mume wangu angezitaja palepale, lakini alikuwa shuleni.

"Haya, inchi zinatosha," alisema. "Ila nieleze zilianza kupungua lini."

"Krismasi."

Akaacha kuandika. "Krismasi iliyopita?"

"Ndiyo."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliinamisha kichwa akaendelea kuandika, na mimi nikabaki nasikiliza kalamu.

Walimpima makohozi, wakampima damu, wakampiga picha ya kifua. Ilikuwa kifua kikuu. Damu haikuwa na kingine, na namshukuru Mungu kwa hilo. Daktari akatueleza kwamba dawa zipo, hazilipiwi, wengi wanapona, isipokuwa kwa mama ugonjwa ulikuwa umekaa sana na pafu moja limeharibika vibaya. Vidonge vinatolewa kwa kilo za mgonjwa, alisema, na kilo ndizo zitakazotuonyesha kama dawa inashinda. Zikipanda, tushangilie. Hakusema zikishuka tufanye nini.

Sisi nyumbani tulipimwa wote, tukakutwa salama, na mama akahamia kwetu. Chumba chake kinapakana na changu cha kushonea, kile cha mbele ambacho ndicho duka langu. Nikiwa kwenye cherehani nasikia kikohozi chake kupitia ukutani, na kila kikohozi kinanichoma mimi. Kikinyamaza ni vibaya zaidi. Naacha kukanyaga, nasubiri, na nisiposikia kitu naenda kuchungulia kwa kisingizio cha kuuliza kama atakunywa uji. Siku moja alinitazama akasema uji gani huo unaopikwa kila nusu saa.

Mwezi wa kwanza wa dawa mzani wa hospitali ulisoma sitini na mbili. Nesi akasema mwanzoni inatokea, tusubiri. Mwezi wa pili ulisoma sitini na moja. Daktari aliagiza makohozi yapimwe upya, akasoma majibu, akabadilisha kitu kwenye dawa, akasema tusikate tamaa. Mama alimshukuru kwa heshima zote. Njiani, kwenye bajaji, alinishika goti na hakuliachia mpaka nyumbani.

Tangu pale sijamzungushia futi. Hajaomba, nami sithubutu. Nampima kwa macho tu, jinsi kanga inavyomzunguka karibu mara mbili, jinsi bangili inavyoteleza mpaka kwenye kiwiko anapoinua kikombe. Mume wangu, ambaye zamani angenipa hesabu ya kila kitu, sasa akimwona mama anapita anatazama madaftari ya wanafunzi. Nikagundua na yeye anaogopa, na hilo likaniogopesha zaidi, kwa sababu nilikuwa nategemea mtu mmoja ndani ya nyumba awe anajua inavyokwenda.

Jumamosi iliyopita mama aliingia chumba cha kushonea amelivaa lile gauni la Krismasi. Kesho yake ilikuwa Jumapili na alikuwa amepania kwenda kanisani. Marinda niliyoyaweka kwa ustadi wangu wote yalikuwa yameanguka chini kama pazia, na shingo ya gauni ilikuwa imemfunua mpaka mfupa wa bega.

"Lipunguze," alisema.

"Mayu, naweza kulifunga na mkanda."

"Lipunguze likae kama nilivyo. Nimechoka kuvaa mtu mwingine."

Nilimsimamisha katikati ya chumba nikaanza kubana kitambaa pembeni kwa pini, upande huu, upande ule. Kilikuwa kinakuja kingi. Pini zilikuwa mdomoni kwangu, kwa hiyo sikulazimika kusema kitu. Yeye akakishika kile kilichozidi, akakipapasa kwa vidole.

"Kitenge hiki bado kizuri," alisema. "Hicho unachotoa kikate, umshonee mjukuu wangu kisketi. Kitamtosha."

Binti yangu yuko chekechea. Kingemtosha kweli. Nilitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine mpaka zikaisha.

"Mjukuu nitamnunulia kitambaa chake."

"Cha nini kununua, na hiki kipo?"

"Hiki ni chako."

"Kata, ng'wanone."

Alilisema kwa ile sauti ya zamani, ya kutuamuru tukafungue ng'ombe, na mkono wangu ukauchukua mkasi wenyewe. Mkasi wangu ni mzito, wa chuma, unakata tabaka nne za khaki bila kusita. Niliushika pale, nikamtazama mama kwenye kioo, na yeye akanitazama. Fundi akipunguza nguo na kukata kilichozidi, nguo ile hairudi tena kwenye ukubwa wake, hata mtu akinenepa. Mama ni dada wa fundi na ni mama wa fundi. Alijua anachoniomba.

Nikauweka mkasi upande wa pili wa meza. Nikamwomba alivue gauni, nikaketi kwenye cherehani, nikapitisha mshono mpya pembeni zote mbili. Kilichozidi nilikikunjia ndani, nikakilaza kwa pasi, nikakishikiza kwa mkono ili kisimsumbue. Sikukata hata uzi wa kitambaa. Yeye alisubiri kwenye kiti akiwa na kanga yake, anatazama mlangoni.

Alipolivaa lilimkaa. Alionekana alivyo, mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye gauni zuri. Akapitisha mkono ubavuni, akasimama pale penye unene.

"Kuna kitu hapa ndani."

"Ni kitambaa chako, mayu. Nimekiacha."

Akakibonyeza kwa vidole, upande mmoja kisha mwingine. Nilingoja anigombeze kwa kutomsikiliza.

"Inchi ngapi?" aliuliza.

"Sita."

"Nyingi."

"Ni sita tu, mayu," nilisema. "Sita si nyingi."

Aliniomba nimfunge zipu vizuri, kisha akaenda chumbani kwake kumeza vidonge vyake vya jioni.